Pango moja, nukta tatu: mnaandika nini kwenye kanzidata kuhusu mahali lilipo eneo la kale?

#1 Jembe na Brashi

Wakuu, salaam.

Hii ni wiki ya pili naunganisha majedwali matatu ya maeneo ya kale yawe kanzidata moja ya utafiti. Leo nimefunga kompyuta kwa hasira, nikaona nije nimwage hapa kwa watu wanaoyajua maumivu haya.

Kuna pango moja lenye michoro ukutani. Limechimbwa zaidi ya mara moja, na kila aliyechimba aliacha jedwali lake. Yote matatu yana koodineti za pango hilo, yaani namba za mahali lilipo kwenye ramani. Ukizimwaga kwenye ramani unapata mapango matatu. La kwanza limekaa kwenye mwamba, panapostahili. La pili liko bondeni, mita mia tatu na ushee kutoka kwenye mwamba, mahali ambapo hakuna hata jiwe la kukalia. La tatu liko baharini. Baharini kabisa, kilindini.

Mtanicheka, lakini nilitaka kufuta mawili nibaki na lile la kwenye mwamba, maisha yaendelee. Kilichonizuia ni kwamba jedwali la pili lina maeneo mengine zaidi ya mia, na mengi hayana pa kulinganishia. Kama pango limepotea njia, hayo mengine je?

Naomba kuwasilisha.

#2 Ramani Mkononi

La baharini liko Ghuba ya Guinea? Kusini mwa Ghana, katikati ya maji?

#3 Jembe na Brashi

Hapohapo! Umejuaje mkuu?

#4 Ramani Mkononi

Hiyo ni sifuri kwa sifuri, Ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Seli zilikuwa tupu, programu ikazijaza sifuri wakati wa kuingiza. Sehemu ile ya bahari ina wakazi wengi sana: shule, zahanati, visima, sasa na pango lako lenye michoro.

Tupu siyo sifuri. Weka sharti kwenye kanzidata kwamba latitudo na longitudo zikiwa 0 kwa pamoja, rekodi inagoma kuingia. Ila usikatae kila latitudo inayoanza na 0, kuna maeneo chungu nzima jirani na Ikweta.

#5 Kigae

Ngoja niweke kambi hapa. Chai ninayo.

#6 Mzee wa Dira

Jembe, mimi nina hamu na lile la bondeni. Swali moja tu: hayo mengine ya jedwali la pili, chukua manne au matano unayoyajua vizuri kwenye picha ya setilaiti, uniambie kila moja limekosea kwa mita ngapi na kuelekea wapi.

#7 Jembe na Brashi

Shikamoo mzee. Nimepima matano. Yote yamekosea kati ya mita 300 na 330, na yote yamesogea kaskazini, kidogo upande wa magharibi. Nimeshangaa, nilidhani kila moja lingekuwa na kosa lake.

#8 Mzee wa Dira

Marahaba. Basi jibu umelipata mwenyewe. Makosa ya mkono wa mtu hutawanyika: hili limeenda mashariki mita 40, lile kusini kilomita 2. Kosa la datamu hutembea kwa msafara, wote njia moja, hatua sawa.

Koodineti ni namba inayotegemea umbo la dunia tuliloamua kulitumia na mahali tulipolifunga umbo hilo; hayo mawili ndiyo datamu. Ukibadili umbo au mahali pa kulifunga, namba zilezile zinaangukia pengine. GPS ya mkononi na ramani za mtandaoni zinatumia WGS 84. Ramani za zamani za karatasi zina datamu zake. Ulaya kuna ED50, Amerika Kaskazini kuna NAD27, na Afrika Kusini walitumia ya Cape mpaka walipohamia Hartebeesthoek94 mwaka 1999. Kwa ramani za Kenya, Tanzania na Uganda mara nyingi ni Arc 1960, na tofauti yake na WGS 84 ni karibu mita 300, sehemu kubwa ikiwa kaskazini na kusini. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazibandika kama WGS 84, eneo lako linarukia kaskazini, kidogo magharibi. Unaona?

Tafuta ripoti iliyoambatana na jedwali hilo. Naamini aliyelitengeneza alisoma namba kwenye ramani ya karatasi kwa rula. Angalia maandishi madogo pembeni mwa hiyo ramani.

#9 Jembe na Brashi

Mzee, nimepekua kiambatisho cha ripoti. Nakala ya ramani ipo, na pembeni pameandikwa Arc 1960. Nimekaa nayo miezi sita sijawahi kusoma pembeni.

#10 Ramani Mkononi

Hakuna anayesoma pembeni, mkuu, usijilaumu.

Kwenye QGIS (programu ya ramani) ipe ile tabaka msimbo sahihi kwanza, usianze kwa kuihamisha. Kama ni UTM (mfumo unaoigawa dunia kwa zoni na kupima kwa mita) zoni ya 37 kusini kwa Arc 1960, msimbo wa EPSG, orodha ya kimataifa ya mifumo ya koodineti, ni 21037. Kwa WGS 84 zoni hiyohiyo ni 32737. Kisha ndiyo uibadilishe. Wengi wanaipa msimbo wanaoutaka badala ya ule iliyonao, halafu wanashangaa ramani haijasogea.

Na kama safu ya zoni imeandikwa herufi, kuwa makini sana. Kuna watu wakiandika 37S wanamaanisha zoni 37, kusini mwa Ikweta. Kuna wengine wanafuata herufi za mikanda ya kijeshi, na kwao S ni mkanda wa latitudo 32 hadi 40 kaskazini. Namba moja, herufi moja, mmoja yuko kusini mwa Ikweta na mwenzake yuko Syria. Ndiyo maana mimi siweki herufi kabisa. Naweka msimbo wa EPSG kwenye safu yake, basi.

#11 Shimo la Majaribio

Niungame kidogo, maana uzi huu umenichoma.

Nilipoanza kazi za uwandani nilipewa GPS na fomu. Fomu ilisema "koodineti za eneo". Tulikuwa tunafika, tunaegesha gari, nabonyeza GPS palepale nikiwa bado nafunga viatu, ndipo tunatembea kwenda kwenye vigae na zana za mawe. Wakati mwingine ni mita 50, wakati mwingine nusu saa ya kupanda kilima. Karibu maeneo 30 niliyorekodi msimu ule ni maegesho ya gari. Kwenye kanzidata yamekaa na desimali sita, yanang'aa.

#12 Kigae

😂😂 Desimali sita za maegesho.

Lakini kweli, kipande hicho cha fomu ndicho chenye kasoro. "Koodineti za eneo" ni za nini hasa? Eneo la vigae vilivyotapakaa mita 400 halina koodineti, lina mipaka. Ukiandika nukta moja, sema hiyo nukta inasimamia kitu gani: kigingi cha kuanzia vipimo, katikati ya mtapakao, mdomo wa pango, shimo la kwanza, au (haya) gari. Mimi nina safu inaitwa "nukta ni ya nini" na ni ya lazima, haiachwi wazi. Na kama mipaka ilitembewa, poligoni inaingia kwenye jedwali lake, maana eneo moja linaweza kuwa na poligoni ya mwaka huu na nyingine ya miaka kumi ijayo baada ya mvua kufukua zaidi.

#13 Mpenda Desimali

Wataalamu samahani, mimi ni wa kompyuta, nawasaidia watu wa akiolojia. Nina koodineti zenye desimali 14. Nizipunguze au niziache? Naogopa kupoteza usahihi.

#14 Ramani Mkononi

Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Desimali ya tano ni mita moja na kidogo. Ya sita ni sentimita 11. Ya 14 ni nanomita moja, umeshapita kirusi unaelekea kwenye atomu. Hakuna aliyepima pango kwa nanomita. Hizo zimezaliwa na hesabu za kompyuta wakati wa kubadilisha dakika na sekunde.

Hasara yenyewe iko upande wa pili. Ripoti ya zamani inasema digrii 3 dakika 20, hakuna sekunde. Dakika moja ni kilomita 1.85. Yule bwana alikuwa anakwambia "liko maeneo ya hapa, tembea utafute". Wewe ukaibadilisha ikawa 3.333333, na msomaji anayefuata anaona desimali sita anaamini sentimita. Kwa hiyo kata desimali ukipenda, lakini ukikata bila kuandika mashaka ni mita ngapi hujasaidia kitu. Watu wa makumbusho ya viumbe wanatumia kiwango kinaitwa Darwin Core, kina safu maalumu ya mashaka kwa mita: nukta, na duara ambalo ndani yake eneo lazima liwemo. Sisi wa mambo ya kale tuige tu.

#15 Mzee wa Dira

Mpenda Desimali, kabla hujakata, angalia kitu kimoja. Pitia safu nzima ya latitudo utazame tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta. Kama katika rekodi mia mbili hakuna hata moja iliyozidi 59, hizo siyo digrii za desimali. Mtu ameandika digrii 3 dakika 45 kama 3.45. Thamani yake halisi ni 3.75. Hapo umekosea kilomita 33, na ramani haikuonyeshi baharini ukastuka, inakuonyesha nchi kavu, pazuri tu, penye milima.

#16 Mpenda Desimali

Mzee... nimeangalia sasa hivi. Kubwa kuliko zote ni .58.

#17 Kigae

Pole sana. Njoo kambini, chai bado ipo.

#18 Mzee wa Dira

Pole, kijana. Lakini usizibadilishe juu kwa juu. Acha safu ya asili kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, hata kama ni ya kipuuzi. Fungua safu nyingine ya uliyoikokotoa, na ya tatu useme umefanya nini na lini. Siku moja utagundua rekodi kumi kati ya hizo zilikuwa digrii za kweli, na kama ulifuta asili huna pa kurudi.

Na weka tarehe ya kupima. Siyo ya kuingiza data, ya kupima. GPS za raia zilikuwa zinavurugwa makusudi na jeshi la Marekani mpaka Mei 2000. Kabla ya hapo kosa lingeweza kufika mita 100 bila mtu kufanya kosa lolote. Baada ya hapo, kifaa cha mkononi penye anga wazi ni mita chache. Koodineti ya 1996 na ya 2006 zinafanana kwa sura, lakini siyo ndugu.

#19 Ramani Mkononi

Na bara lenyewe linatembea. Australia inasogea kama sentimita 7 kwa mwaka, ndiyo maana wamebadili mfumo wao kutoka GDA94 kwenda GDA2020, na tofauti ni karibu mita 1.8. Kwa pango haina maana. Kwa shimo la mita moja kwa moja ulilolipima kwa vifaa vya sentimita, ukirudi baada ya miaka ishirini utachimba pembeni ya shimo lako.

#20 Jembe na Brashi

Nimerudi wakuu. Nina swali la namba za maeneo. Jedwali la kwanza lina namba zenye herufi, zile za mtindo wa GvJm. Niziache au nitoe zangu mpya?

#21 Kigae

Usiguse!! Namba hiyo imeandikwa kwa wino kwenye vigae, kwenye mifuko, kwenye maboksi ya stoo na kwenye machapisho. Ya ndani ya kanzidata toa yako, ile iwe safu yake.

Halafu namba hiyo ni shahidi wako. Ni mfumo wa SASES wa kutoa namba za maeneo ya kale, aliouleta Charles Nelson mwaka 1971 kwa Afrika nzima, sawa na ule wa Borden wa Kanada wa 1952. Herufi mbili za kwanza ni latitudo, mbili za mwisho ni longitudo. Herufi kubwa ni mraba wa digrii 6, ndogo inaukata vipande 24, kila kimoja dakika 15, yaani kama kilomita 28 kwa upande jirani na Ikweta. Maeneo ya Lukenya, Kenya, ni GvJm. Mlambalasi, Tanzania, ni HwJf-02. Sasa chukua koodineti zako, kokotoa ziko kwenye mraba gani, linganisha na herufi. Zikigongana, mmoja anadanganya. Nilifanya hivyo mwaka jana kwa rekodi zetu zote, jioni moja nikakamata 11 ambazo latitudo na longitudo zilibadilishana viti. Tena hilo usilaumu watu peke yao. Faili za ramani za aina ya GeoJSON zinaanza na longitudo, sisi kwa mdomo tunaanza na latitudo.

Ikigundulika kwamba namba ilitolewa kwa koodineti mbovu, na eneo kumbe liko mraba wa jirani, namba inabaki hivyohivyo. Imeshakuwa jina. Mtu anaitwa Jumapili hata kama alizaliwa Alhamisi.

#22 Data Huru

Naona mnapika vizuri, ila hakuna aliyegusa jambo kubwa. Kwa nini yote haya yafungiwe? Wekeni koodineti kamili mtandaoni. Utafiti usioweza kukaguliwa ni hadithi. Mimi nikitaka kupima umbali wa maeneo kutoka mtoni nahitaji nukta, sihitaji "liko wilaya fulani".

#23 Shimo la Majaribio

Data Huru, umewahi kurudi kwenye eneo ulilolichapisha ukakuta mashimo ambayo hukuyachimba wewe?

Angalia picha za setilaiti za Apamea kule Syria, ya 2011 na ya 2012. Ile ya kwanza ni shamba. Ya pili ni kama ngozi ya mtu mwenye ndui, shimo kando ya shimo. Pale lilikuwa eneo maarufu, hawakuhitaji kanzidata yako. Maeneo madogo ndiyo yanahitaji, na wewe ndiye unayewapelekea orodha.

#24 Data Huru

Waporaji wanayajua maeneo kuliko sisi. Wanaishi hapo. Anayefichwa ni mtafiti wa mbali na mwanafunzi asiye na mtu wa kumpigia simu.

#25 Kigae

Wote wawili mna haki, na ndiyo sababu hili halijibiwi kwa safu moja. Marekani sheria yao ya 1979 ya kulinda rasilimali za akiolojia inazuia kutoa hadharani mahali yalipo maeneo ya kwenye ardhi ya umma. Pamoja na hivyo wana kanzidata ya DINAA, inayoonyesha maelfu kwa maelfu ya maeneo kwenye ramani ya wazi, ila kwa miraba ya kama kilomita 20. Ukitaka kamili, unaomba kwa wenye rekodi. Kwa maswali mengi ya eneo kubwa, mraba unatosha. Kwa umbali wa kutoka mtoni hautoshi, kweli, hapo utaomba kibali na utaeleza unataka nini. Sioni ubaya. Na wanaoishi na eneo hilo, wenye makaburi na matambiko yao pale, wawe na sauti katika kujibu ombi.

Kuficha nako kuna ufundi wake. Usisogeze nukta kwa bahati nasibu kila mtu anapopakua, maana akipakua mara hamsini akachukua wastani amekupata. Isogeze mara moja, au tumia kitovu cha mraba, na uandike waziwazi kwamba ni kitovu, mashaka ni kilomita kadhaa. Vinginevyo mtu ataikuta, ataichukulia kuwa ni kipimo, na miaka mitano baadaye itarudi kwenye jedwali kama la Jembe. Halafu pitieni vitu vinavyoropoka pembeni: picha za simu zinabeba koodineti ndani yake, na safu ya maelezo inasema "mita 80 juu ya daraja, mkono wa kushoto". Umeficha namba ukaacha ramani ya maneno.

#26 Data Huru

La picha sikulifikiria. Nimenyoosha mikono kwa hilo tu, mengine tutaendelea.

#27 Jembe na Brashi

Mrejesho, wakuu.

Nimebadilisha jedwali la pili lote kutoka Arc 1960. Msafara mzima umerudi nyumbani. Pango limetoka bondeni limepanda mwambani, nikashangilia peke yangu ofisini kama mwendawazimu.

Ila halikutua juu ya nukta ya jedwali la kwanza. Ziko mita 40 mbali. Nikasema hii ndogo, ile ya kwanza ndiyo sahihi, si ndiyo iliyokuwa mwambani tangu mwanzo? Nikamtafuta aliyelitengeneza jedwali la kwanza. Akaniambia bila wasiwasi kwamba hajawahi kufika. Aliona kivuli cheusi kwenye picha ya setilaiti, akasema pango ndilo hilo, akabofya. Mwamba ule una midomo mitatu.

Yaani nukta niliyotaka kuibakiza ndiyo pekee ambayo hakuna mtu aliyeipima.

#28 Mzee wa Dira

Sasa umeandikaje?

#29 Jembe na Brashi

Rekodi yenyewe hii hapa, mnikosoe (x ni za makusudi, Kigae asinirukie):

Kama ilivyoandikwa: E 265xxx, N 9641xxx, zoni 37, kusini
Datamu ya asili: Arc 1960, imesomwa pembeni mwa ramani
Chanzo: rula kwenye ramani ya karatasi ya 1:50,000
Nukta ni ya nini: mdomo wa pango, kwa mujibu wa ripoti, mdomo upi haijathibitishwa
Mashaka: mita 75
Imebadilishwa: kutoka EPSG 21037 kwenda 4326 (WGS 84 kwa digrii), na mimi, tarehe ipo
Nukta nyingine: picha ya setilaiti, haikutembelewa, mita 40 mbali, imehifadhiwa, haitumiki
Hadharani: kitovu cha mraba tu

Nimeweka 75 kwa sababu milimita moja kwenye ramani hiyo ni mita 50, na rula ya mtu kwenye nakala ya nakala siiamini hata milimita moja.

#30 Mzee wa Dira

Hapo sina neno. Atakayefika na GPS ataongeza mstari wake.

#31 Ramani Mkononi

Na la baharini?

#32 Jembe na Brashi

Nimetoa sifuri zote mbili. Nimeacha tupu.